CoroCoro Comic: jarida la Japani lililomjua mtoto wa darasa la nne (uzi mrefu)

Kalamu ya Mkaa:

Wakuu, habari za jioni.

Wiki iliyopita kwenye uzi wa Pokémon, ile gemu ya Kijapani ya kukamata viumbe, mdau mmoja aliandika kwamba wale viumbe walipata umaarufu kwa sababu ya runinga. Nikamjibu kwa mstari mmoja, kwamba kabla ya runinga kulikuwa na jarida. Akasema hayo si maneno ya mstari mmoja, nifungue uzi. Basi nimefungua, na nitaandika kwa awamu kwa sababu nachapa kwa simu.

Jarida linaitwa CoroCoro Comic, ni la hadithi za michoro, zile ambazo Wajapani wanaziita manga. Hutoka kila mwezi, tarehe 15. Mchapishaji wake ni Shogakukan wa Tokyo, kampuni iliyoanza mwaka 1922 kwa kuchapa majarida ya wanafunzi. Hata jina la kampuni limetokana na neno la Kijapani la shule ya msingi. Wasomaji wanaolengwa ni watoto wa shule ya msingi, hasa wavulana, yaani miaka sita hadi kumi na miwili, basi. Naomba mlishike hilo la umri, maana ndilo lililonifanya nilipende jarida hili kuliko mengine yote niliyoyaona kule.

Nilikutana nalo kando ya barabara. Nilikuwa Nagoya kwa masomo, na kule magazeti ya zamani hayachanganywi na taka nyingine: unayapanga, unayafunga kwa kamba, unayatoa nje siku ya kukusanya karatasi. Asubuhi moja nikamwona mtoto wa jirani, yuko darasa la tano, anaburuta mzigo wa vitabu vinene kama matofali. Nikamsaidia kubeba, na tulipofika pale pa kuweka nikamwomba aniachie. Akamtazama mama yake, mama akaitikia kwa kichwa. Nikarudi ndani na CoroCoro kumi na moja.

Kijapani changu wakati huo kilikuwa cha kununulia mkate. Nilichokigundua usiku ule ni kwamba naweza kulisoma. Kijapani kina herufi za sauti, ambazo mtoto huzimaliza darasa la kwanza, na kina kanji, yale maumbo maelfu yanayotesa watu. Ndani ya CoroCoro kila kanji imewekewa pembeni herufi ndogo za sauti, wanaziita furigana. Kwa hiyo mtoto wa miaka saba analisoma lote kwa sauti bila kumuuliza mtu mzima neno hata moja. Na mimi mtu mzima wa miaka ishirini na sita nililisoma hivyohivyo, nikilala sakafuni.

Umbo lake lazima nilieleze. Kwa upana ni nusu ya karatasi ya kawaida ya ofisini, lakini unene wake ni kurasa mia saba hivi. Karatasi yenyewe ni ya bei rahisi, inakwaruza, na baada ya miaka michache inageuka rangi ya chai ya maziwa. Mkononi mwa mtoto linajaa kabisa. Jina linafanana na umbo: "korokoro" kwa Kijapani ni mlio wa kitu kidogo cha mviringo kinachobingirika, kama sisi tunavyosema jiwe limetumbukia chubwi. Neno la mlio tu, na mtoto analijua kabla ya kujua kusoma.

Sasa lilianzaje. Lilianza kwa sababu ya Doraemon, yule paka wa bluu asiye na masikio, aliyetoka karne ya 22 kuja kumsaidia mtoto mzembe anayeitwa Nobita. Mchoraji wake ni Hiroshi Fujimoto, anayejulikana kwa jina la kalamu Fujiko F. Fujio. Shogakukan walikuwa na jarida la kila darasa: la chekechea, la darasa la kwanza, la pili, na kuendelea. Doraemon alianza katika matoleo ya Januari 1970, kwenye majarida sita kwa mpigo, na Fujimoto alichora hadithi tofauti kwa kila umri. Mwezi mmoja, mhusika mmoja, hadithi moja ya mtoto asiyejua kufunga kamba za viatu na nyingine ya mtoto anayeanza kuona aibu mbele ya wasichana. Mimi ni mchoraji wa mabango, najua kazi ya kurudia wazo moja kwa watu wawili tofauti ilivyo. Yeye alifanya hivyo kwa miaka.

Tatizo likawa kwamba mtoto wa darasa la nne alikuwa anaziona zile za darasa lake tu. Ndipo mwaka 1977 Shogakukan wakatoa kitabu kinene kilichojaa Doraemon, kurasa zipatazo 200 za Doraemon peke yake, na nafasi iliyobaki wakawapa wachoraji wengine. Hilo ndilo toleo la kwanza la CoroCoro. Mwanzoni halikutoka kila mwezi. Mwaka 1979 mambo mawili yakagongana: jarida likawa la kila mwezi, na Doraemon akaanza kuonyeshwa upya kwenye runinga akapendwa nchi nzima. Mwaka uliofuata Fujimoto akachora ndani ya CoroCoro hadithi ndefu ya Nobita na mtoto wa dainosaria, ikawa filamu ya kwanza ya Doraemon. Kuanzia hapo ukawa utaratibu: hadithi ndefu kwanza ndani ya jarida, halafu filamu wakati wa majira ya kuchipua.

Alifanya hivyo mpaka alipofariki. Septemba 1996 alikuwa anachora hadithi ndefu nyingine ya CoroCoro, ile ya mji wa vinyago vinavyotembea kwa kuzungushwa ufunguo. Alizimia akiwa kazini, penseli mkononi, akafa tarehe 23, miaka 62. Hadithi ilikuwa imeshaanza kutoka. Wasaidizi wake wakaimalizia kwa kufuata maandalizi aliyoyaacha, na watoto wakapata mwisho wake. Nina moja ya matoleo hayo. Nikilifungua natazama mistari tu, bila kusoma.

Naenda kula, nitaendelea.

Nyuki wa Tabora:

Mkuu umeanza vizuri lakini umetuacha njiani. Mimi ndiye niliyesema runinga. Hao Pokémon wanaingiaje hapo? Nijuavyo mimi ni gemu, halafu katuni ya runinga, halafu kadi.

Kalamu ya Mkaa:

Ndugu yangu Nyuki, nimerudi. Mpangilio wako una tundu moja, na tundu hilo ndilo jarida.

Ila nianzie nyuma kidogo. Mwishoni mwa miaka ya 1970 Japani nzima ilivamiwa na mashine za gemu za kuweka sarafu. Walimu na wazazi wengi walikereka. CoroCoro likaanzisha hadithi ya Mitsuru Sugaya kuhusu Arashi, mvulana mwenye meno makubwa ya mbele anayecheza gemu kama askari anayekwenda vitani. Silaha yake maarufu inaitwa "pia ya moto": anatikisa kile kishikio kwa kasi mpaka mkono hauonekani. Ni upuuzi mtupu kwa mtu mzima. Mtoto aliyeisoma aliona kwamba kuna watu wazima mahali fulani ambao wanajua anachokipenda na hawamfokei.

Mwaka 1985, wakati Famicom, mashine ya Nintendo ya kuchezea gemu nyumbani, imeshaingia majumbani, mfanyakazi wa kampuni ya gemu ya Hudson, Toshiyuki Takahashi, alisimama kucheza mbele ya watoto kwenye tamasha la CoroCoro mjini Tokyo. Wakamzingira kama mwanamuziki. Baadaye akapewa cheo cha "Meijin", yaani bingwa, na watoto wote wakajua kwamba kidole chake kinabonyeza mara 16 kwa sekunde moja. Watoto wakawa wanajipima.

Sasa Pokémon. Gemu mbili za kwanza, Nyekundu na Kijani, zilitoka Japani tarehe 27 Februari 1996. Zilikuwa za Game Boy, mashine ya gemu ya kushika mkononi iliyotoka 1989, ambayo kufikia wakati huo watu wa biashara walishaiona ni mzee. Hazikulipuka siku ya kwanza. Ndani ya gemu kulikuwa na viumbe 150 waliotangazwa na mmoja ambaye hakutangazwa, Mew. Huyo alichomekwa dakika za mwisho na mtengeneza programu Shigeki Morimoto, kwenye kipande cha nafasi kilichobaki baada ya kuondoa vifaa vya kukagulia makosa. Kipande kidogo sana, baiti mia tatu hivi.

Mwezi wa nne CoroCoro likatangaza: yupo wa 151, na wasomaji 20 watapewa. Ishirini tu. Barua zilizokuja zilizidi 78,000.

Nyuki, fikiria uwanja wa shule baada ya tangazo hilo. Hakuna intaneti mikononi mwa watoto. Kuna jarida moja tu linalosema yupo kiumbe usiyeweza kumkamata. Mtoto mmoja analo, thelathini wanainama juu yake. Tsunekazu Ishihara, mmoja wa wakubwa wa Pokémon, alikuja kueleza baadaye kwamba hapo ndipo mauzo yalipoanza kupanda. Mwaka huohuo, Oktoba, toleo la Bluu la gemu likauzwa kwa kuagiza kupitia CoroCoro tu, madukani halikuwepo. Katuni ya runinga ilianza Aprili 1997, mwaka mzima baada ya Mew.

Na manga ya Pokémon ilishakuwepo kwenye kurasa za CoroCoro na jarida nduguye tangu 1996, ya Kosaku Anakubo. Rafiki wa mhusika mkuu mle si Pikachu. Ni Pippi, yule wa waridi ambaye nje ya Japani anaitwa Clefairy, na ni mlafi, mchokozi, hana adabu hata kidogo. Watoto wa darasa la pili walimpenda mno.

Mama Watatu:

Kaka, nimesoma mpaka hapa na nakuheshimu kwa jinsi unavyoipenda kazi ya wachoraji. Lakini mimi nina watoto watatu, na ninachokiona kwenye maelezo yako ni tangazo la biashara lenye kurasa mia saba. Gemu, kadi, vinyago. Mzazi analipa ili mtoto wake atangaziwe vitu vya kununua tena. Hilo silioni kama ni jambo la kusifia.

Kalamu ya Mkaa:

Dada, una haki, na sitakujibu juujuu.

Mfano mbaya kuliko wote nauleta mwenyewe. Kampuni ya pipi ya Lotte iliuza biskuti ya chokoleti ya yen 30 yenye stika ndani, Bikkuriman. Mwaka 1985 wakaanza mfululizo wa malaika na mashetani, na kila stika nyuma yake ilikuwa na kipande cha hadithi. CoroCoro ndilo lililokuwa likizipanga hizo hadithi na kuzieleza. Watoto wakanunua maboksi mazima, wakatoa stika, biskuti wakazitupa. Chakula kikawa ganda la karatasi. Mwaka 1988 mamlaka ya ushindani wa haki ya kule ikaingilia, ikataka stika adimu na za kawaida zisipishane thamani namna ile. Mimi ningekuwa mzazi mwaka ule ningelikasirikia jarida kama wewe, tena zaidi.

Lakini nikupe na upande wa pili, halafu uamue mwenyewe. Kuna vigari vya Tamiya, kampuni ya Shizuoka, vinaitwa Mini 4WD. Kigari kina urefu wa kiganja, betri mbili ndogo, mota moja, magurudumu manne yote yanavuta. Hakina rimoti. Ukikiwasha kinakwenda chenyewe ndani ya njia yenye kuta, na kazi yako yote umeshaimaliza kabla hujakiachia: umepunguza uzito wapi, gia gani, gurudumu gani, ukizidisha kasi kitaruka nje kwenye kona. Mwaka 1987 CoroCoro likaanza hadithi ya Yonkuro, ya Zaurus Tokuda, ambamo watoto wanakimbia kando ya vigari vyao nyikani wakiviongoza kwa magongo ya hoki. Tamiya wakavitengeneza vigari vilevile vya kwenye hadithi, na 1988 mashindano ya kitaifa yakaanza. Miaka ya 1990 vikafufuka na hadithi ya Tetsuhiro Koshita ya ndugu wawili: mdogo, Go, anataka kasi ya njia iliyonyooka, mkubwa, Retsu, anataka kigari kinachokata kona. Magomvi yao ni ya ufundi mtupu. Nani amekosea uzito, nani ameweka mota kubwa kuliko fremu.

Ni tangazo? Ni tangazo, sikatai. Lakini mtoto aliyelisoma alishika bisibisi. Yule mtoto wa jirani yangu alikuwa anatoboa vigari vyake matundu kwa kifaa cha baba yake ili vipungue gramu, na alikuwa anaandika vipimo kwenye daftari. Hiyo hamu aliipata kwenye hadithi. Mwalimu hakumpa.

Na sehemu nyingine ya jarida haina cha kuuza kabisa. Ni vichekesho. Wazee wakorofi, watoto wapumbavu, mashuzi, kinyesi kwa wingi sana. Mzazi anakunja uso, mtoto anacheka mpaka anakosa pumzi. Kwa muda mrefu nilizipita kurasa hizo nikidhani hazinihusu. Halafu nikakaa na yule mtoto wakati anasoma. Mtoto mzito kusoma, shuleni anahesabiwa dhaifu, anameza kurasa arobaini bila kuinua kichwa kwa sababu anataka kujua yule babu atafanya kioja gani. Sijaona kitabu cha kiada kilichoweza hivyo.

Mama Watatu:

Hapo pa mtoto mzito kusoma umenigusa. Wa kwangu wa pili ndivyo alivyo. Bado stika sizitaki, lakini nimekuelewa.

Fundi Redio:

Kalamu, umesema "pia ya moto" nikakumbuka zile pia za plastiki zilizokuwa Kariakoo, unachomeka ule mkia wa meno, unavuta, inaruka kwenye beseni kupigana na ya mwenzako. Beyblade. Nyumbani tulikuwa tunachezea kwenye karai la kufulia mpaka mama akipiga kelele. Hizo nazo zinahusiana na hilo jarida?

Kalamu ya Mkaa:

Fundi, tena sana! Beyblade ni vinyago vya Takara vya mwaka 1999, na manga yake ya Takao Aoki ilitoka kwenye CoroCoro kuanzia mwaka huohuo. Katuni ya runinga ilikuja 2001. Zile ulizozikuta Kariakoo, za halali na za kuigiza, zote mzizi wake uko pale.

Na jambo linalonifurahisha ni kwamba Wajapani nao hawakuanza na plastiki. Wana pia ya kale inaitwa beigoma. Zamani ilikuwa gamba la konokono wa baharini, baadaye ikawa chuma kidogo cha kusubu kinachoenea katikati ya vidole viwili. Unaizungushia uzi, unairusha juu ya turubai lililotandazwa kwenye mdomo wa pipa, turubai likibonyea katikati, zinakutana zinagongana, itakayotupwa nje imeshindwa. Silabi ya kwanza ya "Beyblade" imetoka huko. Sisi tulichonga pia kwa mti wa mpera, tukaviringisha kamba, tukarusha chini kwenye udongo mgumu. Karai lako, Fundi, ndilo lile pipa lao.

Mwaka ule ule wa 1999 likaingia jingine, Duel Masters la Shigenobu Matsumoto, la kadi. Sitaliingilia, kadi sizijui vizuri na humu wapo wanaozijua.

Binti Pangani:

Naona wavulana, wavulana, wavulana. Wasichana wa Kijapani walikuwa wanasoma nini?

Kalamu ya Mkaa:

Dada Binti, swali la haki. Wao wana majarida yao ya mwezi, matatu makubwa: Nakayoshi la Kodansha, Ribon la Shueisha, yote mawili ya katikati ya miaka ya 1950, na Ciao la Shogakukan haohao. Sailor Moon ya Naoko Takeuchi ilitoka Nakayoshi. Ribon mwaka 1994 lilifika nakala milioni 2 na laki 5 na zaidi kwa mwezi. Hayo yanastahili uzi wao, na uandikwe na mtu aliyeyasoma. Mimi niliyaona kwa nje tu, yakiwa yamefungwa kwa kamba na zawadi zake za karatasi zikiwa zimebanwa katikati: bahasha, vijidaftari, visanduku vya kukunja.

Nitaongeza tu kwamba wasichana wengi walisoma CoroCoro la kaka zao. Dada wa yule mtoto wa jirani ndiye aliyekuwa akinisomea sauti za viumbe nilipokwama.

Binti Pangani:

Basi nitaufungua mimi. Nipe wiki mbili.

Mzee wa Ukweli:

Kalamu, umesifu, sawa. Lakini nimewahi kusoma kuhusu jarida la watoto la Japani lililowatukana Wamongolia. Si hilihili?

Kalamu ya Mkaa:

Mzee, ndilo hilohilo, na sikukusudia kulificha.

Toleo la Machi 2018, lililotoka Februari, lilikuwa na kichekesho ambamo mtoto mtundu anachora mchoro wa sehemu za siri usoni kwenye picha ya Genghis Khan. Kwa mtoto wa darasa la tatu wa Japani ni picha ya kitabu cha historia kama nyingine. Kwa Mmongolia ni baba wa taifa, ni mtu anayetajwa kwa heshima ya dini. Wamongolia wanaoishi Japani waliandamana hadi ofisi za Shogakukan, ubalozi ukalalamika rasmi, kampuni ikaomba radhi na toleo likaondolewa sokoni.

Msimamo wangu: walistahili kulalamikiwa, na kuliondoa ilikuwa sahihi. Utani wa kuchora sharubu kwenye picha za kitabu kila mwanafunzi duniani ameufanya, lakini mwanafunzi anaufanya kwenye kitabu chake. Mhariri anauchapa na kuusambaza nchi nzima. Kule Japani kuna watoto wa Kimongolia pia, wanaokaa dawati moja na wasomaji wa CoroCoro, na siku ile walicheka wenzao, wao wakanyamaza. Wahariri wanaojua mtoto wa darasa la nne anacheka nini walipaswa kumkumbuka na huyo.

Nyuki wa Tabora:

Mkuu nimekubali kushindwa kuhusu runinga. Swali la mwisho: hakukuwa na mshindani? Na jarida bado lipo au simu zimelimaliza?

Kalamu ya Mkaa:

Mshindani alikuwepo, tena mzuri. Kodansha walitoa Comic BomBom mwaka 1981, la mwezi vilevile, unene vilevile, watoto walewale. BomBom lilikuwa na Gundam, zile roboti za plastiki za kuunganisha, na uwanja wa shule uligawanyika: huyu wa CoroCoro, yule wa BomBom. Wengi waliolisoma wanasema lilikuwa na hadithi nzito zaidi, zenye giza kidogo, na michoro ya kina. Nimesoma matoleo machache ya BomBom kwenye duka la vitabu vya mitumba, na kwa jicho la mchoraji nakubaliana nao. Lilikufa mwaka 2007. Kwa maoni yangu, lilianza kumwandikia mtoto wa miaka kumi na mitatu, na huyo wa miaka kumi na mitatu ana majarida mengine makubwa ya kila wiki yanayomngoja. CoroCoro halikumfuata. Mtoto akimaliza darasa la sita lilimwacha aende, likarudi kumpokea wa darasa la kwanza. Kule wanasema mtu "amehitimu" CoroCoro, neno lilelile la kuhitimu shule.

Waliwahi kujaribu kuwarudisha waliohitimu. Mwaka 2014 walitoa toleo la pembeni kwa ajili ya watu wazima waliokua nalo, CoroCoro Aniki, yaani la "kaka mkubwa", na wachoraji wa zamani wakarudi. Lilifungwa 2021. Niliwahi kulinunua, nikalisoma kwa furaha, lakini furaha yangu ilikuwa ya kukumbuka tu.

Jarida lenyewe lipo. Simu zimepunguza wanunuzi wa majarida yote ya karatasi Japani, hilo halina ubishi, na wao wenyewe wameweka sehemu ya hadithi mtandaoni. Lakini tarehe 15 bado linatoka. Manga ya Yo-kai Watch ilianza mle miezi kadhaa kabla gemu yake ya 2013 haijatoka, mbinu ileile ya zamani, na watoto wakaifuata. Yukio Sawada alianza kuchora vichekesho vya Super Mario mle mwaka 1990, na alikuwa bado anavichora nilipoondoka kule. Mtoto aliyesoma sura ya kwanza ya Sawada leo anaweza kuwa na mtoto anayemsoma Sawada.

Fundi Redio:

Na yule kijana wa jirani je?

Kalamu ya Mkaa:

Alimaliza darasa la sita mwezi wa tatu, miezi minne kabla sijarudi nyumbani. Wiki ile ya kumaliza alikuja mlangoni kwangu na mkokoteni mdogo wa mama yake, umejaa CoroCoro zote zilizobaki, safari hii hazijafungwa kamba. Akasema siku ya karatasi ni kesho, akaona bora aniletee mimi kwanza. Nikamuuliza kama hataki kubakiza hata moja. Akasema amebakiza moja. Ni toleo ambalo mchoro wake ulichapwa kwenye kurasa za wasomaji, mdogo kama stempu, na jina lake na darasa lake chini.

Hizo nyingine niko nazo Morogoro, ndani ya boksi juu ya kabati. Zimeshageuka rangi ya chai. Mama Watatu, kama uko karibu, mlete huyo wa pili aje azione. Kijapani hakijui, najua, lakini vichekesho vingi unaweza kuvifuata kwa michoro tu, na vigari viwili vya yule mtoto bado vinatembea nikivitia betri.